Kombe la Dunia 2026: shabiki wa Leopards asingoje filimbi ya Guadalajara ndipo atafute kitanda

Tarehe 31 Machi, mjini Guadalajara nchini Mexico, Leopards ya DRC itacheza mechi moja tu, dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Ikishinda, Kongo itarudi kwenye Kombe la Dunia baada ya miaka 52. Ikishindwa, hesabu zote zinafutwa na watu wanarudi kwenye shughuli zao.

Kwa sababu hiyo, neno linalosikika zaidi kwa mashabiki, kuanzia nganda za Kinshasa hadi ligablo za Goma na Lubumbashi, ni moja: "Tungoje kwanza." Neno hilo lina busara yake. Nani atatoa dola zake kwa safari ambayo huenda isiwepo? Lakini kati ya tarehe 31 Machi na mechi ya kwanza ya kundi, tarehe 17 Juni, kuna siku 78 tu. Ndani ya siku hizo mtu anapaswa kupata pasipoti kama hana, viza, tikiti za mechi, tikiti za ndege, kitanda, na njia ya kutoka kwenye kitanda hicho hadi uwanjani. Anayeanza kufikiri baada ya filimbi ya mwisho ya Guadalajara atakuwa amechelewa kwa sehemu kubwa ya mambo hayo.

Ratiba inajulikana tangu droo ya Desemba. Mshindi wa mchujo huo anaingia Kundi K pamoja na Ureno, Colombia na Uzbekistan. Atacheza na Ureno mjini Houston tarehe 17 Juni, na Colombia mjini Guadalajara tarehe 23 Juni, kisha na Uzbekistan mjini Atlanta tarehe 27 Juni. Yaani Marekani, Mexico, halafu Marekani tena, ndani ya siku kumi. Kutoka Houston hadi Guadalajara ni karibu kilomita 1,300 kwa ndege. Kutoka Guadalajara hadi Atlanta ni zaidi ya 2,000. Mtu wa Goma ambaye ameshawahi kuhangaika kufika Kinshasa anaelewa maana ya umbali wa namna hiyo, na huku ataupita mara mbili, katikati yake kuna mpaka wa nchi mbili zenye maafisa wakali wa uhamiaji.

Wengi wanapima safari hii kwa kipimo cha Morocco. Ni kosa. Kwenye CAN iliyopita, Leopards ilicheza na Benin mjini Rabat, na Senegal mjini Tangier, na Botswana mjini Rabat tena. Kati ya miji hiyo miwili kuna treni ya kasi iliyozinduliwa mwaka 2018, na safari haifiki saa mbili. Shabiki aliweza kukodi chumba kimoja Rabat, akaenda Tangier asubuhi kuangalia mechi, asibebe hata sanduku. Hata Michel Kuka Mboladinga, yule aliyesimama kama sanamu ya Lumumba dakika zote za mechi hadi dunia nzima ikamjua, alikuwa na kazi ya kusimama tu, si ya kuruka kutoka nchi hadi nchi. Qatar mwaka 2022 ilikuwa rahisi zaidi: viwanja vyote vinane vilizunguka Doha, na mwenye kadi ya Hayya alipanda metro bure siku za mechi. Urusi mwaka 2018 ilitoa treni za bure kati ya miji kwa wenye tikiti, na kitambulisho cha shabiki kikafanya kazi ya viza.

Mwaka huu hakuna kitu kama hicho. Tikiti ya mechi si viza. FIFA na serikali ya Marekani wameweka mfumo unaoitwa FIFA PASS, ambao unampa aliyenunua tikiti kwa FIFA nafasi ya kupata mapema tarehe ya mahojiano ubalozini. Unaharakisha tarehe tu. Afisa aliye nyuma ya kioo anabaki na uamuzi wake uleule: je, mtu huyu atarudi kwao? Malipo ya ombi, dola 185, hayarudishwi hata akikataliwa. Mwalimu, mfanyabiashara wa soko la Virunga au fundi wa simu anayepanga kwenda anapaswa kuanza na swali hilo, kabla ya kuulizia bei ya jezi. Ana nini cha kuonyesha kinachomfunga na nyumbani? Barua ya kazi, hati ya nyumba, rejista ya biashara, ndoa, watoto walio shuleni, safari za zamani ambazo alikwenda akarudi. Mwenye hivyo ana hoja. Asiye navyo, afadhali dola 185 zibaki kwenye likelemba.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu kila siku. Mnamo Juni 2025, Marekani ilifunga mlango kwa raia wa nchi kadhaa, na Kongo imo kwenye orodha hiyo. Lakini ni Kongo ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Kuna watu wameacha kabisa mpango wao kwa sababu ya kichwa cha habari walichosoma nusu kwenye WhatsApp. Haina maana kwamba mlango wa DRC uko wazi kama wa nyumba ya shangazi; orodha hizo zimebadilika zaidi ya mara moja, na mashabiki wa Senegal na Côte d'Ivoire, timu ambazo zimekwisha kufuzu, walijikuta ndani ya masharti mapya mwezi Desemba. Sheria ya kusoma ni ile ya wiki mtu anapolipa, si ile aliyoisikia mwaka jana.

Kwa watu wa mashariki, mlima ni mkubwa zaidi. Mahojiano ya viza ya Marekani yanafanyika Kinshasa. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu Januari 2025, wa Kavumu karibu na Bukavu nao ukafuata mwezi Februari. Mabenki ya Goma yalifunga milango wakati huohuo, huku tikiti za FIFA zikilipwa kwa kadi ya benki kwenye intaneti. M-Pesa na Airtel Money hazifiki huko. Kwa hiyo shabiki wa Goma anavuka mpaka kwenda Kigali, anapanda ndege ya kuzunguka ili afike katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, analala Kinshasa siku kadhaa, anarudi kwa njia ileile, na huenda akarudi na karatasi ya kukataliwa. Hiyo ni safari ya kwanza kabla ya safari. Yeyote anayetengeneza bajeti ya Kombe la Dunia bila kuweka mstari huo anajidanganya.

Kuna mtego mwingine kwenye viza yenyewe. Anayetaka mechi zote tatu anaingia Marekani mara mbili. Akipewa viza, kitu cha kwanza cha kuangalia ni kama imeandikwa kuingia mara moja au mara nyingi, na aulize ubalozini kabla ya kulipa ndege ya Guadalajara. Upande wa Mexico ni mwepesi kidogo: inawapokea kwa ziara watu wenye viza halali ya Marekani bila kudai viza yake. Maana yake viza ya Marekani ndiyo ufunguo wa nyumba zote mbili. Anayefikiri ataikwepa Marekani kwa kwenda Mexico peke yake akumbuke kwamba raia wa DRC anayebadilisha ndege Paris au Brussels anadaiwa viza ya kupita uwanja wa ndege. Mwenye viza ya Marekani anasamehewa hiyo. Mwenye ya Mexico peke yake hasamehewi. Watu wamezuiwa kwenye kaunta ya Ndjili kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Njia za Addis Ababa, Istanbul au Doha zinapunguza kichwa kuuma. Ethiopian ina ndege ya kutoka Addis Ababa hadi Atlanta, na Turkish inafika Houston na Atlanta kutoka Istanbul.

Je, inafaa kufuata mechi zote tatu? Kwa shabiki wa kawaida, hapana. Achague mji mmoja, na mji huo uwe Atlanta. Ureno ndiyo mechi ya kila mtu, na bei za Houston zitapanda kwa sababu ya mashabiki wa Cristiano Ronaldo kabla hata Mkongomani hajafungua pochi. Guadalajara, dhidi ya Colombia, itajaa manjano. Uzbekistan ni mechi ya mwisho ya kundi, na kwa mashindano ya timu 48, ambapo timu nane zilizoshika nafasi ya tatu nazo zinaendelea, huenda ndiyo itakayoamua kila kitu. Halafu kuna sababu ya usafiri, ambayo ndiyo inayomaliza ubishi.

Atlanta ina reli ya mjini, MARTA. Inaanzia ndani ya uwanja wa ndege, na ina vituo vilivyo jirani kabisa na uwanja wa mpira. Nauli ni dola 2.50. Mashariki ya mji, katika kaunti ya DeKalb, kuna mji mdogo wa Clarkston ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka pande zote za dunia, na Wakongomani wa Kivu ni wengi huko. Kutoka upande huo kuna laini ya Buluu inayokwenda moja kwa moja hadi kituo cha uwanjani. Mtu aliye na ndugu Clarkston anaweza kufika kwenye mechi kwa Kiswahili tupu, bila teksi hata moja.

Houston ni habari nyingine. Ni mji wa magari, mkubwa kupita kiasi, na asiye na gari anakaa. Lakini laini Nyekundu ya METRORail inapita katikati ya mji, mtaa wa makumbusho na hospitali kubwa za Texas Medical Center, inashusha watu mbele ya uwanja wa NRG kwa dola 1.25. Kwa hiyo kanuni ya kutafuta hoteli Houston ni moja: iwe karibu na kituo cha laini hiyo. Hoteli ya bei nafuu iliyo kilomita 30 kutoka uwanjani si ya bei nafuu, kwa sababu usiku wa mechi, watu wapatao 70,000 wanapotoka pamoja na wote wanaita Uber, tofauti ya bei itamezwa na safari moja. Joto la Juni huko pia si la kuchezea. Uwanja una paa na hewa ya baridi. Kituo cha basi hakina.

Guadalajara ina uwanja ulio pembeni, upande wa Zapopan. Anayekwenda huko apange kwenda mapema na kikundi.

Suala la kulala kwa ndugu linahitaji maneno ya wazi zaidi, kwa sababu ndiko Wakongomani wengi wanakokwenda. Kwa miaka mingi Kongo imekuwa miongoni mwa nchi za kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopewa makazi Marekani, na Texas imewapokea wengi. Kusini-magharibi mwa Houston Kiswahili cha Uvira na Masisi kinasikika dukani na kanisani. Ujumbe wa sauti unakwenda huko kila siku: "Yaya, tukifuzu nakuja, nitalala kwako." Na jibu linakuja bila kusita: "Kulala si shida, mdogo wangu, uje tu." Hakuna anayetaka kusema kingine. Lakini huyo yaya anaishi kwenye nyumba ya kupanga, yeye na watoto watano, na mikataba mingi ya nyumba huko inaweka mpaka wa wageni na siku zao. Anafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama. Hana likizo ya wiki mbili ya kumtembeza mgeni, wala hawezi kumkatalia mtoto wa mama mdogo. Mgeni mwenye heshima anauliza mapema: watu wangapi wameshakuomba? Nilete nini cha chakula? Ni nani atanipokea uwanja wa ndege ukiwa kazini? Na kama jibu ni kwamba tayari wako sita, hoteli ya usiku tatu kwa watu wanne waliochangishana ni njia ya kulinda undugu.

Tena, ndugu huyo si lazima aweze kwenda Guadalajara. Mkimbizi ambaye bado hajapata uraia wa Marekani hasafiri nje kwa kitambulisho chake tu. Anahitaji hati ya kusafiria, ambayo kuipata kunachukua miezi, na hali ya sheria za uhamiaji kwa sasa inawafanya wengi waogope hata kukaribia mpaka. Waliopanga "twende wote tatu" na binamu wa Texas wamuulize kwanza. Mara nyingi atanyamaza kuliko kueleza.

Kuhusu kuweka nafasi kabla ya tarehe 31 Machi, inawezekana bila kupoteza pesa. Hoteli nyingi zina vyumba vya aina mbili: cha bei ya chini kidogo kisichorudishwa, na cha bei ya juu kidogo kinachoweza kufutwa bure hadi siku chache kabla ya kufika. Wiki hizi ni za kile cha pili, na cha pili tu. Mtu anaandika tarehe ya mwisho ya kufuta ukutani, kando ya kalenda ya kanisa. Ndege ingoje matokeo, na ingoje viza pia. Ubalozi wenyewe unashauri watu wasilipe safari isiyorudishwa kabla ya viza kuwa mkononi. Anayefanya kinyume kwa kuogopa bei kupanda anacheza kamari ya pili juu ya ile ya Guadalajara.

Kamari ya tatu ni ajansi. Kila Leopards inaposhinda, huzaliwa ofisi mpya yenye bango la rangi ya bendera na ahadi ya "viza, tikiti na hoteli" kwa bei moja. Hakuna ajansi duniani inayouza viza ya Marekani. Tikiti za mechi zinapita kwenye FIFA na kwenye soko lake rasmi la kuuziana, ambalo linamkata muuzaji asilimia 15 na mnunuzi asilimia 15. Wanaouza kwa njia nyingine wanauza hewa, au wanauza kitu ambacho kitazuiwa mlangoni. Picha ya tikiti kwenye simu si tikiti.

Linabaki swali ambalo si la mashabiki kulijibu. FIFA inatoa kwa kila shirikisho asilimia 8 ya viti kwa kila mechi ambayo timu yake inacheza. Kwa uwanja kama wa Houston ni takriban viti 5,600. Sehemu ya kumi ya hivyo, yaani kama 560, inauzwa kwa dola 60 kwa mashabiki waaminifu wa timu, na ni shirikisho linaloamua mwaminifu ni nani. Hapa FECOFA na wizara ya Michezo wana kazi ya kufanya kabla ya tarehe 31 Machi, si baada ya furaha kupanda kichwani. Mwaminifu ni nani? Ni yule aliyekuwa kwenye jukwaa la Martyrs kila mechi ya kufuzu, ama shemeji wa mkurugenzi? Je, mtu wa Bunia au Kananga ana njia ya kuomba, ama orodha inaanzia na kuishia Gombe? Vigezo vinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa hadharani. Wakati ulipo ni sasa, kwa sababu siku ya ushindi kila mtu atakuwa na barua ya mkubwa fulani mfukoni.

Hata pesa za timu si kisingizio. FIFA imeahidi kila nchi itakayofika angalau dola milioni 10.5, zikiwamo milioni 1.5 za maandalizi. Wachezaji wa 1974, waliofungwa mabao 14 bila kufunga hata moja kule Ujerumani Magharibi, walieleza baadaye jinsi pesa walizoahidiwa zilivyopotelea njiani pamoja na ujumbe mrefu wa wakubwa. Kikosi cha Sébastien Desabre na nahodha Chancel Mbemba, kilichowatoa Cameroon na Nigeria mjini Rabat ndani ya siku nne, kinastahili ujumbe mfupi.

Na kwa mashabiki wengi wa mashariki, hesabu ya kweli inaweza kuelekea kwingine. CAN ya 2027 itachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. DRC imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na nchi hizo zimewaondolea Wakongomani viza. Mmoja wa viwanja vya Uganda uko Hoima, ng'ambo tu ya Ziwa Albert ukitokea Ituri. Mtu wa Beni anapita Kasindi na Mpondwe kwa basi, analala Kampala, anaagiza chakula kwa Kiswahili Nairobi, na hakuna afisa wa kumuuliza kama atarudi. Leopards bado wanapaswa kufuzu huko pia. Lakini dola 185 za ombi la viza, pamoja na ndege ya Kigali–Kinshasa na usiku za kungoja mahojiano, zinatosha kumpeleka mtu na mtoto wake kwenye CAN hiyo, jezi zikiwa mgongoni, na labda zikabaki za kununua samaki wa kukaanga kando ya ziwa wakati wa kurudi.